Kukimbia, vyuma, mpira au mkeka: mazoezi yapi yanamsaidia mwanafunzi wa chuo kikuu masomoni?

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeuliza kama mazoezi ya mwili yatamwongezea alama hujibiwa upesi kwamba ndiyo, kisha huachwa peke yake na swali gumu zaidi: mazoezi yapi, saa ngapi, na kwa kiasi gani. Jibu hilo la ndiyo lina ukweli ndani yake, lakini ni jepesi mno, kwa sababu mazoezi hayaingii moja kwa moja kwenye karatasi ya mtihani. Hupitia kwanza umakini wa saa chache zinazofuata zoezi, kumbukumbu ya siku zinazofuata, usingizi wa usiku, na namna mwili unavyoubeba wasiwasi wa muhula mzima. Kila aina ya zoezi hugusa baadhi ya mambo haya kwa urahisi na mengine kwa shida. Kwa hiyo sitafuti hapa zoezi lililo bora kuliko yote. Ninatafuta lipi linafaa kwa tatizo lipi, na ninamwomba msomaji asome akiwa na tatizo lake mwenyewe mkononi, yaani lile jambo hasa linalomgharimu alama.

Ushahidi una uzito gani

Kabla ya kulinganisha aina za mazoezi, ni haki msomaji ajue jinsi ushahidi wenyewe ulivyo, kwa kuwa si wote unaoelekea upande mmoja. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambapo wanafunzi wapatao 100 wa somo la kemia walivaa vifaa vya mkononi vinavyopima mwendo na usingizi kwa muhula mzima. Nia ya awali ilikuwa kuona kama mazoezi yanahusiana na alama, na uhusiano huo haukuonekana. Kilichojitokeza ni usingizi: muda wake, ubora wake na uthabiti wake kwa pamoja viliandamana na karibu robo ya tofauti za alama baina ya wanafunzi. Usingizi wa usiku wa kuamkia mtihani peke yake haukuleta tofauti. Uliohesabika ni ule wa siku na wiki ambazo mwanafunzi alikuwa anajifunza yale atakayoulizwa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2009 watafiti nchini Uswidi walichambua kumbukumbu za wanaume zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1950 na 1976, ambao walipimwa walipoitwa jeshini wakiwa na umri wa miaka 18. Wale ambao moyo na mapafu yao yalikuwa na uwezo mkubwa walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili, na baadaye maishani walielekea kufika mbali zaidi kielimu. Nguvu ya misuli haikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo mapacha wengi, watafiti waliweza kuona pia kwamba uhusiano huo ulielezwa zaidi na mazingira na mwenendo wa mtu kuliko na urithi.

Mambo haya mawili hayapingani kama inavyoonekana. Utafiti wa Uswidi unaangalia mwili uliojengwa kwa miaka, ilhali ule wa MIT unaangalia muhula mmoja wa somo moja katika chuo ambacho kila aliyeingia alikuwa tayari amechujwa. Isitoshe, jambo moja kuandamana na jingine si sawa na kulisababisha. Mwanafunzi anayeonekana uwanjani mara nne kwa wiki huenda pia ndiye anayelala mapema, anayepanga ratiba na asiye na kazi ya usiku ya kumpatia ada, na alama zake nzuri zinaweza kuwa zao la hayo yote kwa pamoja. Ninachokiamini, baada ya kuupima ushahidi huu, ni kwamba mazoezi ni msaidizi mzuri wa kusoma na si mbadala wake. Msaidizi huchaguliwa kulingana na kazi iliyopo.

Saa moja ya mazoezi au saa moja zaidi ya kusoma

Huu ndio ulinganisho ambao mwanafunzi huufanya kila jioni hata kama hautamki, na ndio unaostahili kukaliwa kwa muda mrefu kuliko mingine yote. Upande mmoja kuna kitabu, na kila dakika inayotumika nje ya kitabu huonekana kama imeibwa. Upande mwingine kuna mwili uliokaa kwenye kiti tangu asubuhi.

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Wiki ina dakika 10,080. Dakika 150 ni kama asilimia moja na nusu ya wiki hiyo, na ukichagua mazoezi makali kiasi hicho kinapungua kwa nusu. Kwa hiyo anayesema hana muda kabisa mara nyingi anazungumzia kitu kingine: hana muda wa kwenda mbali, kubadili nguo, kusubiri wenzake, kuoga na kurudi. Gharama hizo za pembeni ni za kweli, na aina za mazoezi hutofautiana sana katika hizo kuliko katika dakika za zoezi lenyewe.

Kisha kuna suala la ubora wa ile saa inayookolewa kwa kuacha mazoezi. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kufungua asubuhi kitabu cha takwimu nilichokisoma usiku uliotangulia, nikakuta mstari mmoja umepigiwa wino mara tatu, wino juu ya wino, hadi karatasi imeanza kuchanika. Kila nilipoufikia mstari ule usiku nilikuwa nimeuona kuwa mpya na muhimu, nikaupigia wino, nikaendelea nusu ukurasa, nikapotea, nikarudi. Nilikuwa nimekaa mezani tangu alasiri. Saa ile kwenye daftari la ratiba iliandikwa kuwa ya kusoma, na kwa ukweli ilikuwa saa ya kukaa mbele ya kitabu. Mwanafunzi aliyefika hapo hapotezi kitu akiinuka na kutembea kwa kasi kwa dakika 20. Anabadilisha saa mbovu kwa saa fupi lakini nzima.

Sababu za kimwili za badiliko hilo zinaeleweka vya kutosha. Mapigo ya moyo yanapopanda, ubongo hupata damu zaidi na kemikali kama dopamini na noradrenalini huongezeka. Hizi ndizo zinazoshughulika na kuwa macho, kuchagua cha kuzingatia na kupuuza kisichohitajika. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotawala kupanga na kujizuia, hufanya kazi vizuri zaidi kwa muda baada ya zoezi la kiasi. Faida hiyo ya papo kwa papo ni ndogo na haidumu siku nzima, lakini humfikia mtu pale anapoihitaji.

Hata hivyo ulinganisho huu una upande ambao kitabu hushinda. Mwanafunzi ambaye hajaifungua mada kabisa, na mtihani ni kesho, hana cha kuamshwa na mazoezi, kwa sababu umakini haufanyi kazi juu ya yaliyomo ambayo hayapo. Vivyo hivyo yule anayefanya mazoezi saa mbili kila siku na kurudi chumbani akiwa amechoka kiasi cha kusinzia juu ya meza amevuka mpaka, na kwake nusu ya muda ule ingefaa irudi kwenye masomo. Kuongeza mazoezi hakuongezi akili kwa mstari ulionyooka. Kutoka kutofanya kabisa hadi kufanya kidogo ndiyo hatua yenye faida kubwa, na kutoka kufanya sana hadi kufanya mno kuna hasara.

Kukimbia na kunyanyua vyuma

Tukija sasa kwenye aina, ulinganisho wa kwanza ni kati ya mazoezi yanayofanyisha kazi moyo na mapafu, kama kukimbia, kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli, kuogelea na kuruka kamba, na yale yanayojenga nguvu ya misuli, kama kunyanyua vyuma, pushapu na kuchuchumaa ukiwa na mzigo.

Kwa lengo la masomo peke yake, kundi la kwanza lina ushahidi mwingi zaidi. Mbali na ule wa Uswidi, upo utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ambapo watu wazima wenye umri mkubwa waliotembea kwa mazoezi kwa mwaka mmoja walionekana kuongezeka ukubwa wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuweka kumbukumbu mpya, kwa asilimia 2, ilhali kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu sehemu hiyo ilipungua. Wale hawakuwa wanafunzi, na haifai kuyabeba matokeo yao na kuyaweka kichwani mwa kijana wa miaka 20 ambaye hipokampasi yake bado haijaanza kupungua. Unachoonyesha utafiti huo ni njia: mazoezi ya moyo na mapafu yanaweza kugusa mahali penyewe ambapo kumbukumbu hutengenezwa.

Vyuma havina mikono mitupu. Mwaka 2010 huko Kanada, wanawake wa umri wa miaka 65 hadi 75 waliofanya mazoezi ya nguvu mara moja au mbili kwa wiki kwa mwaka mzima waliboresha uwezo wao wa kuzingatia jambo moja na kupuuza linalolivuruga, na uwezo huo ndio unaohitajika mtu anaposoma huku simu ikiwa karibu. Tena kuna jambo ambalo mwanafunzi hulihisi bila kusubiri mtafiti: mgongo na shingo vilivyoimarishwa huvumilia kiti. Anayeacha kusoma baada ya dakika 40 kwa sababu ya maumivu ya kiuno ana tatizo ambalo kukimbia hakutalitatua vizuri kama mazoezi ya mgongo, tumbo na mapaja.

Katika gharama, kukimbia na kutembea huanzia mlangoni na huishia mlangoni. Vyuma kwa kawaida hudai kwenda ukumbini, kulipa au kusubiri zamu, ingawa pushapu na kuchuchumaa kwa uzito wa mwili wako mwenyewe hufanyika pembeni ya kitanda. Vyuma vinamfaa zaidi mtu anayechochewa na kuona maendeleo kwa namba, kwa kuwa uzito ulioinuliwa wiki hii unaweza kulinganishwa na wa wiki iliyopita bila ubishi, na wapo wanafunzi ambao ushahidi huo mdogo wa kwamba juhudi huzaa matunda huwarudishia ari hata katika somo lililowashinda.

Anayelazimika kuchagua kimoja kwa ajili ya masomo achague mwendo unaopandisha pumzi. Mwenye nafasi ya viwili aweke mwendo siku 3 na nguvu siku 2. Na kama kiwiliwili ndicho kinachomtoa mezani, aanze na nguvu.

Kufanya peke yako na kucheza katika timu

Hapa ulinganisho hauhusu tena moyo na misuli bali unahusu maisha ya mwanafunzi. Anayekimbia peke yake ndiye mwenye ratiba yake. Akiwa na maabara hadi jioni anakimbia asubuhi. Akiwa na kazi ya kuwasilisha kesho anapunguza dakika. Hakuna anayemdai. Uhuru huo ndio nguvu ya mazoezi ya peke yako na ndio udhaifu wake, maana asiyedaiwa na mtu huacha bila mtu kugundua, na wengi huacha mapema sana.

Timu ya mpira wa miguu, wavu, pete au kikapu hudai. Siku ya mazoezi inajulikana, nafasi yako uwanjani ina jina lako, na ukikosa unaulizwa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefika mahali asipomjua mtu, madai hayo ni zawadi. Upweke huharibu masomo kwa njia za pembeni: asiye na rafiki hasikii kwamba mhadhara umehamishwa, hana wa kumwomba madaftari siku aliyougua, na akishindwa zoezi moja hudhani ni yeye pekee aliyeshindwa. Timu humpa watu wa miaka ya juu ambao wamelipita somo analoliogopa. Faida hii haipimwi kwa mapigo ya moyo, na kwa baadhi ya wanafunzi ninaiona kuwa kubwa kuliko zote nyingine.

Bei yake nayo ni kubwa. Mazoezi ya dakika 90 huwa ya saa tatu ukihesabu kusubiriana, kurudi na kuoga. Mashindano huja na safari, na ratiba ya mashindano haikutengenezwa na mtu aliyekuwa akitazama ratiba ya mitihani. Michezo ya kugongana ina majeraha, na lililo la hatari zaidi kwa mwanafunzi ni mtikisiko wa ubongo, ambao unaweza kumletea maumivu ya kichwa, ugumu wa kuzingatia na kushindwa kuvumilia mwanga wa skrini kwa siku au wiki kadhaa. Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo hata akijisikia mzima, na asione aibu kumweleza mhadhiri kwamba anahitaji muda.

Kwa hiyo mwanafunzi anayejua kwamba akiachwa mwenyewe hataamka, na yule anayeishi bila wenzake, wote wawili wachague timu, hata ya mchezo wa kawaida usio wa mashindano. Mwenye ratiba inayobadilika kila wiki, mwenye kazi ya kipato na mwenye mtoto wa kulea watafaidika zaidi na zoezi la peke yao, na wakihitaji msukumo, mwenzi mmoja wa kukimbia naye anatosha.

Mkeka na jasho

Yoga na mazoezi mengine ya taratibu yanayounganisha pumzi na mkao huonekana na wengi kuwa madogo mno kuitwa mazoezi. Lakini katika utafiti mmoja wa mwaka 2013 nchini Marekani, wanafunzi wa kike 30 walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu ya muda mfupi na ya kujizuia mara baada ya dakika 20 za yoga kuliko baada ya dakika 20 za kukimbia kwenye mashine. Idadi ni ndogo, na nisingempa mtu uamuzi wa muhula mzima juu yake. Inatosha hata hivyo kuonyesha kwamba jasho si kipimo pekee. Ninayapendekeza kwa mwanafunzi ambaye tatizo lake si uchovu bali ni wasiwasi unaomkimbiza, yule ambaye moyo wake tayari unadunda akiifungua karatasi, kwa sababu kwake kupunguza kasi ya pumzi ni ujuzi atakaoingia nao hadi kwenye chumba cha mtihani.

Kabla ya kusoma, katikati ya kusoma, au baada ya kusoma

Wanafunzi wengi hufanya mazoezi wakati wowote wanapopata nafasi, na hilo ni bora kuliko kutofanya. Lakini mwenye uwezo wa kuchagua ajue kwamba nyakati hizi tatu hazifanyi kazi ileile.

Zoezi la kabla ya kusoma huandaa. Mwaka 2007 watafiti wa Münster, Ujerumani, waliwapa wanafunzi 27 kazi ya kujifunza maneno mapya katika hali tatu: baada ya kupumzika, baada ya kukimbia polepole, na baada ya mbio kali za dakika chache zilizorudiwa mara mbili. Baada ya zile mbio kali walijifunza maneno kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 20, na damu yao ilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha BDNF, protini inayosaidia seli za ubongo kukua na kuunganika, pamoja na dopamini. Kwa kazi ya kukariri, kama istilahi za anatomia, fomula au msamiati wa lugha ya kigeni, zoezi fupi na kali kabla ya kukaa lina mantiki. Ni muhimu lakini kuacha dakika kadhaa mwili utulie, kwani mkono unaotetemeka na pumzi inayohema havishiki kalamu vizuri.

Zoezi la katikati hulinda umakini. Mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, wanafunzi walitazama mhadhara wa dakika 50 uliorekodiwa. Kundi moja lilikatiza mhadhara mara kadhaa kwa dakika 5 za mazoezi ya mwili, kundi jingine lilitumia mapumziko hayohayo kwa mchezo wa kompyuta, na la tatu halikupumzika. Walioamka na kufanya mazoezi walibaki makini hadi mwisho, na walikumbuka zaidi papo hapo na baada ya siku mbili. Ninapenda kulitazama kundi la pili kuliko yote, kwa sababu ndilo linalofanana na wengi wetu: mapumziko walipata, ila waliyatumia wakiwa wamekaa na macho yakiwa kwenye skrini, na hayakuwafaa kitu. Anayesoma kwa simu, akapumzika kwa simu, kisha akarudi kwenye simu amebadilisha kurasa tu. Dakika 5 za kupanda na kushuka ngazi, kuruka papo hapo, au kuchuchumaa mara 20 hazihitaji kubadili nguo wala kwenda popote, na kwa gharama hiyo sioni zoezi lingine linalolishinda hili kwa mwanafunzi mwenye siku iliyojaa.

Zoezi la baada ya kusoma huhifadhi, lakini kwa masharti. Mwaka 2016 watafiti nchini Uholanzi waliwafundisha watu 72 kukumbuka picha na mahali zilipowekwa, kisha wakawagawa: wengine walifanya mazoezi ya baiskeli kwa dakika 35 papo hapo, wengine baada ya saa 4, na wengine hawakufanya. Walipojaribiwa siku mbili baadaye, waliokumbuka zaidi ni waliosubiri saa 4; waliofanya papo hapo hawakuwazidi wale ambao hawakufanya kabisa. Ikiwa ratiba inaruhusu, kusoma mada ngumu saa saba mchana na kwenda uwanjani saa kumi na moja jioni ni mpango unaolingana na matokeo hayo.

Ipo kazi nyingine ya chuo ambayo si kukariri: kutafuta mada ya utafiti, kupanga insha, kubuni suluhisho. Kwa kazi hiyo, kutembea ndiko kunakoongoza. Katika majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2014, watu walipotembea walitoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa asilimia 60 kuliko walipokaa, iwe ndani ya jengo au nje. Kutembea hakukuwasaidia katika maswali yenye jibu moja tu sahihi. Mwanafunzi wa uzamili aliyekwama kwenye pendekezo la utafiti atembee. Aliyekwama kwenye hesabu akae.

Alfajiri na usiku

Tofauti kati ya asubuhi na jioni si kubwa kama watu wanavyobishania. Mwili hufanya kazi vizuri kidogo zaidi alasiri na jioni, kwa kuwa joto lake limepanda na misuli imelegea, ilhali faida ya asubuhi ni kwamba hakuna kitu kilichokwisha kutokea cha kuvuruga mpango. Kinachoamua ni usingizi. Anayelala saa nane usiku akaamka saa kumi na moja alfajiri ili akimbie amekata usingizi wake kwa ajili ya zoezi, na kwa ule utafiti wa MIT tuliouanzia, amelipa kwa sarafu ya thamani kubwa ili anunue ya thamani ndogo. Mtu huyo namshauri kwa moyo wote abaki kitandani, na zoezi alihamishie jioni.

Kwa upande wa usiku, hofu kwamba kila zoezi la jioni hufukuza usingizi imezidishwa. Zoezi la jioni kwa watu wengi haliharibu usingizi, isipokuwa lile kali linaloishia ndani ya saa moja kabla ya kulala, ambapo moyo bado unadunda na joto la mwili halijashuka. Ukumbi wa mazoezi saa nne usiku kwa anayelala saa tano ni chaguo baya. Matembezi ya taratibu saa hiyohiyo hayana tatizo.

Wiki za mitihani

Hapa ndipo uchaguzi wote wa muhula hujaribiwa, kwa sababu mazoezi ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi hukitupa mitihani inapokaribia. Utafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2016 uliwachukua wanafunzi wa kiume wa uhandisi wa umeme ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi, ukawagawa kwa kura, na kundi moja likafanya mazoezi ya kukimbia kwa wiki 20. Walipofika kwenye mitihani halisi, hisia za waliofanya mazoezi hazikuyumbishwa na msongo kwa kiasi kile cha wenzao. Kinga hiyo ilijengwa kabla. Anayeanza kukimbia siku tatu kabla ya mtihani atapata misuli inayouma na usingizi mzito, lakini kinga ya wiki 20 haipatikani kwa siku tatu.

Kwa hiyo katika kulinganisha aina zote nilizozitaja, kipimo ninachokipa uzito mkubwa zaidi ni kama zoezi linaweza kupunguzwa bila kufa. Kukimbia kwa dakika 40 kunaweza kuwa matembezi ya dakika 15. Seti tano za vyuma zinaweza kuwa seti moja ya pushapu chumbani. Mazoezi ya mkeka yanaweza kuwa pumzi kumi ndefu. Timu ndiyo yenye shida, kwani mchezo wa watu kumi na mmoja haupunguziki hadi mmoja, na mchezaji anapaswa kuzungumza na kapteni wake mapema, wiki kadhaa kabla, kwamba katika kipindi hicho atahudhuria siku moja badala ya tatu, kisha siku zile mbili zilizobaki atembee.

Asubuhi ya mtihani wenyewe mwanafunzi asijaribu jambo jipya. Aliyezoea kukimbia akimbie taratibu, umbali mfupi, kisha ale na anywe maji. Ambaye hajazoea atembee tu kwenda kwenye chumba cha mtihani badala ya kukaa mlangoni akipekua madaftari kwa mara ya mwisho, ashuke na kupanda ngazi mara moja kama zipo, na aingie mapigo ya moyo yakiwa yamepanda kwa sababu ya miguu yake, yakiwa yanaanza kushuka.